Sikio la Mtu wa Kawaida: Kelele, Sheria na Wasioistahimili, Kuanzia London ya Karne ya 19

Katika kila jamii wamo watu ambao sauti zisizowashughulisha wenzao, kama vile mlio wa sahani, honi ya gari au mbwa anayebweka mtaa wa pili, huwaingia kama kitu cha kuumiza mwili. Watabibu wa leo huigawa hali hii katika mafungu mawili makuu. La kwanza ni hiperakusisi, ambapo sauti za kiwango cha kadiri husikika kuwa kubwa mno, pengine hata kuleta maumivu ya sikio. La pili ni misofonia, jina lililotungwa mwaka 2001, ambapo sauti fulani mahususi, hata zikiwa ndogo, humtia mtu hasira au dhiki asiyoweza kuitawala. Baadhi ya vyanzo vya hiperakusisi vinaeleweka: mtu aliyepooza upande mmoja wa uso, kwa mfano, huweza kuanza kuumizwa na sauti kwa sababu mshipa wa fahamu ulioathirika ndio pia unaoendesha msuli mdogo wa sikio la kati, ambao kazi yake ni kukaza mfupa wa mwisho na kupunguza nguvu ya sauti kubwa. Mara nyingi, hata hivyo, kipimo cha kawaida cha usikivu hakioneshi kasoro yoyote, na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa hana ushahidi isipokuwa kauli yake mwenyewe.

Kutokuwa na ushahidi ndiko kulikoipa historia ya watu hawa mkondo wake. Kwa muda wa takribani karne mbili, madai yao yamepimwa kwa sikio la mtu mwingine, yaani mtu wa wastani ambaye sheria ilimbuni ili imtumie kuwa kipimo, na mahali palipojenga kipimo hicho kwa ukamilifu zaidi ni Uingereza, hasa jiji la London, ambalo kufikia mwaka 1851 lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2 na lilikuwa jiji kubwa kuliko yote duniani.

Kelele za London ya wakati huo hazikutoka kwenye mitambo peke yake. Barabara kuu zilitandikwa mawe magumu, na magurudumu ya mikokoteni na magari ya farasi yalivikwa pete za chuma, hivyo kila chombo kilichopita kiligonga jiwe baada ya jiwe tangu alfajiri hadi usiku. Wachuuzi waliuza maziwa, samaki na makaa kwa kupaza sauti, kengele za makanisa zililia kila robo saa, na juu ya hayo yote wapiga muziki wa mitaani walizunguka kutoka mlango hadi mlango. Wengi wa wapigaji hao walikuwa Waitaliano kutoka vijiji vya milimani, waliopanga vyumba katika vitongoji vya Saffron Hill na Clerkenwell na kutembea siku nzima na kinanda cha kuzungusha kwa mkono, chombo ambacho hakikuhitaji ufundi wa muziki, kwa kuwa nyimbo zilikuwa zimeshapangwa ndani yake kwa misumari iliyopigwa kwenye gogo la mviringo. Baadhi yao walikuwa watoto waliofanya kazi chini ya mabwana waliowaleta na kuwanyang'anya sehemu kubwa ya mapato. Msikilizaji aliyefurahi alitoa senti, na aliyeudhika naye alitoa senti ili mpigaji aondoke, jambo lililofanya hata uchungu wa watu wengine kuwa sehemu ya biashara yenyewe.

Jamii hiyo ilikuwa na desturi moja ya kuheshimu sikio la mgonjwa. Nyumba yenye mtu mahututi ilitandaziwa majani makavu barabarani, mbele ya mlango na hatua kadhaa kila upande, ili kishindo cha magurudumu kifie humo. Ilikuwa desturi ya wenye uwezo, maana majani yaligharimu fedha na yalihitaji kubadilishwa, lakini ilieleweka na kila mpita njia, na aliyeyaona majani hayo alijua kuwa ndani kuna ugonjwa. Wazo hilohilo liliingia katika sheria ya polisi ya London ya mwaka 1839, ambayo kifungu chake cha 57 kilimruhusu mkuu wa kaya kumtaka mpiga muziki aondoke jirani na nyumba yake kwa sababu ya ugonjwa wa mkazi wa nyumba hiyo, au kwa sababu nyingine ya msingi. Mtu mwenye homa ya kitandani alikingwa. Mtu mzima wa afya ambaye sauti zilimtesa hakutajwa, na ikabaki kwa kila hakimu kuamua kama mateso hayo yaingie katika zile sababu nyingine za msingi. Baadhi yao walikubali na wengine walikataa.

Mtu aliyeupima mwanya huo kwa ukaidi kuliko wote ni Charles Babbage (1791–1871), mwanahisabati anayekumbukwa kwa michoro ya mashine za kukokotoa zilizotangulia kompyuta. Aliishi Dorset Street, katika mtaa wa Marylebone, ambao ulikuwa wa utulivu alipohamia na ambao taratibu uliingiliwa na vituo vya magari ya kukodi, vilabu vya pombe na wapangaji wasio na haja ya ukimya. Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1864, Babbage alitenga sura nzima kwa ajili ya kero za barabarani, akaorodhesha kwa utaratibu wa mwanasayansi vyombo vilivyomtesa, kuanzia vinanda vya mkono na bendi za tarumbeta hadi zumari za senti na sauti za watu, kisha akawaorodhesha wanaovitia moyo: wenye vilabu, watumishi, watoto, wageni kutoka mashambani na wanawake wa sifa ya mashaka. Alikadiria kwamba katika miaka kumi na miwili iliyopita, robo ya uwezo wake wote wa kufanya kazi ilikuwa imeharibiwa na muziki wa mitaani.

Haiwezekani leo kumpa Babbage jina la ugonjwa, na anayejaribu kufanya hivyo kutoka umbali wa miaka mia moja na hamsini anaiba kazi ya daktari bila kumwona mgonjwa. Kinachoonekana wazi ni namna watu walivyomjibu. Kwa maelezo yake mwenyewe, kila alipotoka kumtafuta polisi alifuatwa na kundi la watu na watoto waliomzomea, wakati mwingine zaidi ya mia moja. Paka waliokufa walitupwa mlangoni kwake, madirisha yalivunjwa, na akatishiwa kuchomewa nyumba. Bendi moja ya tarumbeta ilipiga nje ya nyumba yake kwa saa tano, ikipumzika kidogo tu. Jirani mmoja alizoea kupuliza chombo kibovu cha bati kwa nusu saa, siku baada ya siku, kwa sababu alijua nani anamsikia. Hali hii inafahamika vyema kwa wenye sikio jepesi wa nyakati zote: udhaifu ukishajulikana, huwa mchezo wa mtaa, na malalamiko yenyewe huleta kelele mpya ambayo isingekuwapo kama mlalamikaji angenyamaza.

Ni lazima kusema pia kwamba Babbage hakujisaidia. Aliandika juu ya maskini wa London na wageni wa Kiitaliano kwa dharau isiyofichika, na watetezi wa muziki wa mitaani walikuwa na hoja nzito walipouliza kwa nini burudani pekee ya mfanyakazi asiye na tiketi ya ukumbi wa tamasha ifutwe kwa ajili ya bwana mmoja mwenye nyumba kubwa. Dharau hiyo ilikuwa imepewa nadharia yake mwaka 1851 na mwanafalsafa wa Ujerumani Arthur Schopenhauer, ambaye katika insha juu ya kelele alidai kwamba uwezo wa kuvumilia kelele hupungua kadiri akili inavyozidi, na akawalaani wapiga mijeledi wa Frankfurt. Nadharia hiyo ilikuwa tamu masikioni mwa wasomi, lakini iliwadhuru wenye mateso ya kweli, kwa kuwa iligeuza maumivu kuwa dai la cheo. Mfua nguo au mshona viatu aliyeumizwa na sauti hakuwa na nafasi ndani yake.

Mwandishi wa Kiskoti Thomas Carlyle, aliyeishi Cheyne Row katika mtaa wa Chelsea tangu mwaka 1834, alijaribu njia nyingine: ujenzi. Akiwa amechoshwa na piano za jirani, kasuku, mbwa na zaidi ya yote majogoo, aliagiza mwaka 1853 chumba kisichopenyeka sauti kijengwe juu kabisa ya nyumba, kikiwa na kuta mbili zilizoachiana nafasi ya hewa katikati, na mwanga ukiingia kutoka darini peke yake. Kazi iligharimu paundi zipatazo 170 na ilijaza nyumba vumbi na nyundo kwa miezi mingi. Matokeo yalimsikitisha kila mtu. Sauti za karibu zilipungua, lakini zile za mbali, kama ving'ora vya mtoni na filimbi za treni, ambazo zamani zilifunikwa na msukosuko wa mtaa, sasa zilisikika peke yake ndani ya ukimya uliosafishwa. Mafundi wa leo wa sauti wasingeshangaa: paa na upenyo wa mwanga ni njia dhaifu ya kuzuia sauti, na sikio lililo kwenye ukimya huongeza makini yake badala ya kupumzika, kiasi kwamba matabibu huwaonya wagonjwa wa hiperakusisi wasijizoeze kuziba masikio muda wote. Carlyle aliandikia humo kitabu chake kirefu juu ya mfalme Frederick wa Prussia, ila amani ya kweli aliyoipata aliletewa na mkewe, Jane Welsh Carlyle, ambaye barua zake zinaonesha jinsi alivyoendesha mazungumzo ya mlango kwa mlango na wenye kuku, akilipa, akibembeleza na kupanga ili jogoo aondolewe. Wanahistoria wamekiandika sana chumba kile, lakini diplomasia ya Jane, iliyofanya kazi pale matofali yaliposhindwa, imepewa kurasa chache mno.

Njia ya tatu ilikuwa Bunge. Michael Thomas Bass, mbunge wa Derby na mmiliki wa kiwanda maarufu cha bia (dhihaka ambayo Babbage, mwenye kuvilaumu vilabu vya pombe, alilazimika kuimeza), alikusanya barua na ushahidi katika kitabu cha mwaka 1864, zikiwamo saini za Charles Dickens, Alfred Tennyson, mchoraji John Everett Millais na Carlyle mwenyewe. Mchoraji wa vikatuni John Leech, ambaye rafiki zake walisema mishipa yake ya fahamu ilikuwa imeharibiwa na vinanda vya mitaani, alifariki mwezi Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 47. Sheria ya Muziki wa Mitaani ya 1864 iliongeza sababu iliyokosekana mwaka 1839: mpigaji angeweza kufukuzwa kwa kuvuruga shughuli za kawaida za mkazi wa nyumba, na aliyekaidi angetozwa faini isiyozidi shilingi 40 au kufungwa siku zisizozidi 3.

Ushindi huo ulikuwa na masharti yanayostahili kuangaliwa kwa makini. Aliyepewa haki alikuwa mkuu wa kaya, yeye mwenyewe au kupitia mtumishi wake au polisi, wala si mpangaji wa chumba. Na katika jiji ambalo familia nyingi zilijibana katika chumba kimoja au viwili vya kupanga, hilo liliwaacha nje wengi wa wakazi wake. Pia sababu iliyokubaliwa ilikuwa kazi, si mwili. Mwandishi aliyekatizwa sentensi yake alieleweka mbele ya hakimu kwa urahisi kuliko mtu aliyesema tu kwamba sauti ile inamwuma, na hivyo wenye mateso walijifunza kuyavika mateso yao vazi la tija iliyopotea, kama alivyofanya Babbage kwa ile robo yake. Hata baada ya sheria kupita, ilimlazimu mlalamikaji amtafute polisi, aende naye kituoni na kusubiri, na katika muda huo mpigaji alikwisha kuhamia mtaa mwingine.

Wakati Bunge likishughulika na vinanda, majaji walikuwa wakijenga jambo zito zaidi katika kesi za kero, yaani madai ya mtu kwamba jirani anamzuia kuitumia na kuifurahia nyumba yake. Mwaka 1851, katika kesi ya Walter dhidi ya Selfe iliyohusu uchomaji wa matofali, mahakama iliweka kigezo kwamba usumbufu upimwe kwa fikra za kawaida na rahisi za Waingereza, wala si kwa maisha ya kudeka. Mwaka 1872, katika kesi ya Gaunt dhidi ya Fynney iliyohusu mtambo wa mvuke wa kiwanda jirani, mahakama ilitahadharisha kwamba msikilizaji mwenye wasiwasi au aliyekwisha kuelekeza moyo wake kwenye sauti fulani husikia ambayo mwingine asingeyatambua, na huyakuza. Kama maelezo ya tabia ya akili, maneno hayo ni sahihi kwa kiasi cha kushangaza, kwa kuwa watabibu wa leo husema karibu lilelile kuhusu jinsi makini na hofu vinavyoilisha hiperakusisi. Tofauti ni kwamba kwa daktari huo ni mwanzo wa tiba, na kwa jaji ulikuwa mwisho wa kesi.

Kesi mashuhuri zaidi ni ya Sturges dhidi ya Bridgman, iliyoamuliwa mwaka 1879. Mtengeneza vitamutamu wa Wigmore Street alikuwa ametwanga kwa vinu viwili vikubwa jikoni mwake kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu kulalamika, hadi daktari aliyepakana naye alipojenga mwaka 1873 chumba cha kuonea wagonjwa kando ya ukuta wa jiko hilo. Daktari alishinda. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba mtikisiko ulimzuia kusikiliza vifua vya wagonjwa, kazi ambayo tangu Mfaransa Laennec abuni stethoskopu mwaka 1816 ilikuwa imelifanya sikio la tabibu kuwa chombo cha taaluma. Sikio jepesi lililindwa hapo kwa kuwa lilikuwa kazini, na katika mtaa wa madaktari. Mahakama hiyohiyo ilisema kwamba kilicho kero katika mtaa wa kitajiri wa Belgrave Square si lazima kiwe kero Bermondsey, palipokuwa na viwanda vya ngozi. Mkazi wa Bermondsey mwenye maumivu ya sauti alielezwa, kwa lugha ya adabu, kuwa amezaliwa mtaa usiofaa.

Kanuni ilikamilishwa na kesi isiyohusu sauti hata kidogo. Mwaka 1889, katika Robinson dhidi ya Kilvert, mfanyabiashara wa karatasi alilalamika kwamba joto kutoka chumba cha chini linakausha bidhaa yake, akajibiwa kwamba karatasi yake ni nyepesi kudhurika kuliko kawaida, na kwamba mwenye mali au shughuli ya namna hiyo hawezi kumgeuza jirani kuwa mkosaji kwa kufanya jambo lisilomdhuru mtu mwingine. Mwaka 1908 kanuni hiyo ilimkuta mchungaji wa kanisa moja mjini Brighton, aliyesema mvumo wa mitambo ya umeme ya halmashauri unamvuruga katika ibada. Mahakama iliona kwamba waumini hawakupungua na kwamba aliyeudhika hasa ni yeye, ikamnyima zuio.

Mlango mmoja tu uliachwa wazi, nao ulikuwa wa nia mbaya. Katika Christie dhidi ya Davey, mwaka 1893, mchonga picha za mbao aliyepakana na nyumba ya mwalimu wa muziki alichoshwa na piano na fidla, akajibu kwa kugonga ukuta, kupiga sinia, kupuliza mluzi na kupiga kelele wakati wa masomo. Mahakama ilimzuia yeye, si mwalimu, kwa kuwa kelele zake zilikusudiwa kuudhi. Ni vigumu kuisoma hukumu hiyo bila kumwonea huruma mshindwa, ambaye huenda ndiye hasa aliyekuwa na sikio lisilostahimili, lakini sheria ilikuwa na uwezo wa kuona hasira yake peke yake. Kinyume chake kilitokea mwaka 1936, pale jirani wa shamba la mbweha wa manyoya alipofyatua bunduki mpakani makusudi ili kuwavuruga mbweha majike katika msimu wa uzazi, wakati ambapo wanyama hao hushtuka kwa urahisi mno na huweza hata kuwala watoto wao. Mwenye shamba alipata zuio, na hivyo mbweha wakakingwa na mahakama ya Uingereza kwa namna ambayo mchungaji wa Brighton hakuipata.

Katika karne ya 20 mtu wa kawaida alihama kutoka hukumu za majaji na kuingia ndani ya chombo. Miaka ya 1920 wahandisi wa simu wa Marekani walianza kutumia desibeli, kipimo cha kulinganisha nguvu za sauti, na mwaka 1929 jiji la New York liliunda tume ya kelele iliyozungusha gari lenye vifaa vya kupimia mitaani. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell, walichapisha mikondo inayoonesha sauti za namna mbalimbali zinavyosikika kwa nguvu sawa, mikondo iliyopatikana kwa kuwasikilizisha watu wenye usikivu mzuri na kuchukua wastani wa majibu yao. Kutokana nayo kilitengenezwa kichujio kinachopunguza sauti nzito kabla ya kuzipima, na kipimo kinachopatikana huandikwa desibeli A. Manufaa yake hayana ubishi, kwa kuwa mkaguzi hahitaji tena kumwamini mlalamikaji wala mshitakiwa. Gharama yake haikuandikwa kwenye chombo: watu wengi huanza kukerwa masikioni sauti inapokaribia desibeli 100, ilhali mwenye hiperakusisi kali huweza kuumizwa na mazungumzo ya kawaida, ambayo ni takribani desibeli 60, na namba inayosomeka kwenye kioo huwa halali huku yeye akiwa ameshika kichwa.

Afrika Mashariki ilipokea vyote viwili, hukumu na chombo. Sheria ya jumla ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na majaji kesi kwa kesi, iliingizwa Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897 na Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa sharti kwamba itumike kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu. Kwa hiyo vinu vya Wigmore Street na karatasi ya Robinson vilisafiri hadi Mombasa na Dar es Salaam. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 na za Tanzania za mwaka 2015 ziliongeza viwango vya desibeli A, vikitofautiana kati ya mchana na usiku na kati ya makazi, biashara na viwanda. Za Kenya zinaruhusu usiku 35 tu katika maeneo ya makazi, kiwango ambacho mkazi yeyote wa jirani na baa, kanisa la maturubai au kituo cha matatu atakisoma kwa tabasamu. Kinachopimwa na maofisa wa mazingira ni eneo, saa na nguvu ya sauti.

Hatua tofauti ilichukuliwa na sheria za watu wenye ulemavu, ambazo huanza na mwili wa mhusika badala ya wastani wa umma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unadai marekebisho ya kadiri kwa mtu mmojammoja, na kwa mantiki hiyo mwanafunzi au mfanyakazi anayeumizwa na sauti anaweza kuomba meza ya mbali na jenereta au ruhusa ya kufanyia mtihani chumba cha pembeni bila kuthibitisha kwamba wenzake nao wanaumia. Maombi hayo huelekezwa kwa mwajiri, shule au ofisi ya umma. Jirani mwenye spika ukutani hubaki chini ya sheria ya kero, ambako swali linaloulizwa kwanza ni lilelile la mwaka 1851.